Karatasi Inakatika Penye Pengo

Jumatatu, 16 Juni 1975

Karatasi imekatika tena. Asubuhi nzima. Tumewasha, imekatika. Tumeunganisha, imekatika. Mhina akasema tupumzike tunywe chai. Chai hakuna.

Naanza kuandika habari hizi ili siku kiwanda chetu kitakapokuwa kikubwa watu wajue nani alikiokoa. Basi nieleze mambo toka mwanzo. Kijiji cha Kwemsala kimo ndani ya shamba la mkonge lililoachwa, kati ya Korogwe na Handeni. Bei ya mkonge ilipoanguka tulibakiwa na banda, injini ya dizeli na milima ya takataka za mkonge. Wafadhili wakatupa mashine kuukuu ya karatasi. Takataka tunazipika kwa soda kali ya kiwandani, tunaziponda ziwe rojo, rojo inamwagwa juu ya wavu unaotembea. Maji yanachuruzika chini. Juu unabaki utando mbichi, mwororo kama ule wa maziwa yaliyochemka.

Utando huo lazima utoke kwenye wavu, uvuke pengo la kiasi cha mkono, uingie kati ya rola mbili zinazoukamua, halafu uende kwenye silinda ya moto. Ukifika kwenye silinda ni karatasi, hauna taabu tena. Taabu yote ni penye pengo. Pale hakuna cha kuushika. Unajishika wenyewe, nao umejaa maji.

Meneja wetu, Mzee Mikaeli, kifua kimemzidi. Karibu atarudi kwao Dindira. Kiti chake kitakaliwa na mmoja wa watu wawili. Wa kwanza ni mimi, Isihaka Semhando, karani wa uzalishaji. Wa pili ni Mhina, fundi mkuu, aliyepelekwa Ulaya kujifunza mashine hii na tangu arudi huvaa sweta hata mwezi wa Januari.

Leo Mzee Mikaeli ametuita wote. Afisa kutoka Tanga atakuja Jumamosi ya kabla ya Saba Saba. Anataka kuiona mashine ikienda asubuhi nzima bila karatasi kukatika. Ikienda, tutapewa kazi ya madaftari ya kisomo cha watu wazima. Isipokwenda, mashine itapelekwa kwingine. Hapo akaanza kukohoa, hakumaliza. Hapakuwa na haja. Mvua imetunyima mwaka juzi na mwaka jana. Kiwanda hiki ndicho kinachotupa posho ya unga. Kikiondoka, tutabaki watu na vumbi.

Mhina amesema dawa ni kupunguza mwendo wa mashine. Ndiyo tabia yake, kupunguza.

Jumatano, 18 Juni

Nimepata dawa. Nilikuwa nimekaa kwangu nikimtazama mke wangu Mwaija akikunja sare yangu. Nguo ikitiwa wanga husimama. Sasa kwa nini karatasi isisimame? Tutie unga wa muhogo kwenye rojo.

Unga upo. Ghalani kuna magunia ya makopa, muhogo mkavu, kutoka shamba la ujamaa, yamewekwa kwa ajili ya siku mbaya. Ufunguo anao Bi Hamisa, mwenyekiti wa kamati. Nikaenda, nikampa shikamoo, nikamweleza. Alikataa kabla sijamaliza. Akasema watu wanakula unga wa Yanga, huu wa njano wa msaada, nao unapimwa kwa kikombe, na ukiisha hakuna kingine ila hayo makopa.

Nikamwambia wazo ni la Mhina, amelitoa Ulaya.

Hii nimeipanga vizuri. Ningesema ni langu, asingenisikiliza. Likifaulu nitaeleza kwamba lilikuwa langu. Lisipofaulu limekwisha kuwa la Mhina.

Bi Hamisa aliugeuzageuza ufunguo mkononi. Halafu akasema, "Mwanangu, huu ni unga wa watu. Usije ukaniletea maneno."

Nikamwambia nitamletea madaftari.

Ijumaa, 20 Juni

Rojo imegeuka uji.

Maji yalikataa kuchuruzika. Utando haukukatika penye pengo, hilo niliandike kwa haki. Ulivuka pengo. Ulipofika kwenye rola ukanata, ukazunguka nayo, ukajizungushia kama kilemba mpaka injini ikazimika. Tumekwangua kwa visu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Rojo yote ikabidi kumwagwa mtaroni, nyuma ya banda.

Nilipotoka nje nilikuta wanawake na watoto wameinama mtaroni na sufuria. Walikuwa wanachota. Nikawaambia ina soda, haifai. Hakuna aliyeinua kichwa. Mhina akatoka na mti mrefu wa kukorogea akawafukuza, anapiga maji, anapiga ardhi, analia huku. Sikumjua kuwa ni mtu wa kulia. Mtoto mmoja alikuwa amekwisha kunywa. Ametapika mpaka alasiri. Wanasema atapona.

Baadaye Mhina akaniuliza ni nani aliyemwambia Bi Hamisa kwamba jambo hili limetoka Ulaya. Nikamjibu nimesikia watu wakisema.

Nyumbani Mwaija akaniletea sahani iliyofunikwa. Nikafunua. Ndani ni kipande cha karatasi ya kiwanda, kimekunjwa vizuri.

"Kula," akasema. "Unga wetu umo humo."

Akaenda kulala, uso ukutani. Nikala mboga ya mchunga iliyobaki tangu jana, mchungu bila kitoweo. Mwaija ni mwanamke mzuri lakini hana subira na majaribio.

Jumanne, 24 Juni

Leo karatasi haikukatika.

Kwenye pengo husimama Zuena, mjane kutoka Mpale. Kazi yake ni kuupokea utando kila unapokatika na kuuingiza tena kwenye rola. Leo sikuwa na la kufanya, hakuna anayetaka kuzungumza nami, nikasimama kumtazama. Nikaona anachofanya. Hangoji ukatike. Analoweka viganja, anaviweka chini ya utando, anaubeba juu ya pengo kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Havuti. Anafuata. Mikono yake inakwenda na kurudi, na utando unapita juu yake mzima.

Tatizo moja. Mbele ya rola kuna ubao wa kinga, na kila akirudisha mikono inagonga ubao. Nikamwita Lesiamon aung'oe. Huyu ni kijana wa wafugaji waliohamishiwa hapa kutoka nyika ya Handeni wakati wa Operesheni Vijiji. Ng'ombe wao wengi wamekufa, naye anabeba rojo kwetu. Akauliza, aliyeuweka ubao aliuweka kwa nini. Nikamjibu kwamba Wazungu wana mbao nyingi.

Ubao umetoka. Mashine imekwenda mpaka saa ya chakula. Nikatangaza kwamba utaratibu huu utaitwa Mtindo wa Isihaka. Zuena akacheka, akasema alidhani mwenye mikono anaitwa Zuena.

Anasoma kisomo, na mwalimu wake anasema hana mwenzake darasani. Wakati wa mapumziko huokota karatasi mbovu akaandika majina ya watu. Aliandika langu. Alisahau herufi H. Nikamsahihisha.

Jumatatu, 30 Juni

Mhina alikuwa Tanga kutafuta blanketi jipya la mashine, kile kitambaa kizito kinachopita kwenye rola. Amerudi leo, ameona ubao haupo. Ugomvi mkubwa, mbele ya wafanyakazi.

Alisema utando mbichi nguvu yake ni ndogo, na nguvu hiyo inategemea maji yaliyotoka. Utoe maji kwanza, ndipo uuvute, na usiuvute sana. Anataka mashine iende taratibu, na rojo ichanganywe na nyuzi ndefu za mkonge safi zishikane vizuri zaidi. Amekwisha kuomba nyuzi shamba jirani. Zitafika wiki ya Saba Saba. Nikamwambia afisa anakuja kabla ya Saba Saba. Akasema basi afisa angoje. Nikamuuliza kama Ulaya maafisa hungoja.

Akarudisha ubao kwa mikono yake, akapigilia misumari.

Nikaenda kwa Mzee Mikaeli. Nikamweleza, kwa siri, kwamba Mhina anataka mashine ishindwe ili ihamishiwe mjini, ambako ameahidiwa nyumba. Sina hakika kama ni kweli. Lakini sina hakika kama si kweli. Mzee Mikaeli alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, kitambaa mdomoni. Alifumba macho. Akasema ubao uondolewe mpaka mgeni apite. Halafu akaomba maji.

Ubao umeondolewa. Mhina hajanisalimia.

Ijumaa, 4 Julai

Jambo moja lilikuwa linanisumbua. Karatasi haikatiki, sawa, lakini mashine inakwenda kama watu wanaotoka mazikoni. Afisa hatastaajabu. Atatoa saa yake, atatazama karatasi inavyotambaa, atasinzia.

Nyuma ya banda, majanini, nimepata puli kubwa ya mashine ya zamani ya mkonge. Mhina alipokwenda msikitini nikaifunga kwenye injini, nikarekebisha mkanda. Mimi Ijumaa hii sikwenda. Mungu anaona kazi iliyokuwepo.

Tukawasha. Uzuri wake sijui niuelezeje. Wavu ulikuwa unang'aa kama mto.

Zuena akarudi kutoka mapumzikoni, akasimama mahali pake, akatazama.

"Ndugu Isihaka, inakimbia."

Nikamwambia inatembea kwa furaha.

"Mimi siwezi kuifuata hivi. Mikono inafika imechelewa."

Nikamwambia mikono huzoea. Nikamkumbusha pia kwamba kazi ya madaftari ikipatikana, posho ya unga itaongezwa, na yeye ana watoto.  Alifuta mikono kwenye kanga, akailoweka tena, akaiweka chini ya utando. Ulikatika, ukakatika, halafu ukakubali. Nilisema atazoea. Kabla Mhina hajarudi nikazima, puli nikaifunika kwa gunia mpaka kesho.

Jumamosi, 5 Julai

Nitaandika kwa utaratibu.

Afisa alifika mapema, shati jeupe la mikono mifupi, mtu mpole. Bi Hamisa akamkaribisha. Mzee Mikaeli aliletwa kwa kiti. Mhina alisimama kando ya injini. Aliiona puli. Nilimwona akiiona. Alifungua mdomo, afisa akawa amekwisha kuingia, na mimi nikawasha.

Ilikwenda.  Utando ulitoka kwenye wavu, ukapita juu ya viganja vya Zuena, ukaingia kwenye rola, ukatoka upande wa pili karatasi, kavu, rangi ya asali nyepesi. Afisa aligusa karatasi akasema ni nzuri kuliko alivyotarajia. Akaniuliza ni nani aliyebuni utaratibu wa mikono. Nikamwambia.

Jua lilipokuwa limepanda vizuri utando ukakatika penye pengo. Kwa mwendo ule hapakuwa na nafasi ya kufikiri. Zuena aliukimbilia kama alivyozoea. Akaushika, akaurusha kwenye rola, na rola ikachukua utando, na ikamchukua yeye.

Hakupiga kelele. Ndicho kilichonishangaza. Alisema "Jamani" kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyekanyagwa kwenye foleni. Aliyepiga kelele ni Bi Hamisa. Mimi nilikuwa najaribu kukumbuka mkono wa kuzimia injini uko upande gani. Lesiamon aliruka na fimbo yake ya kuchungia, akaitia kwenye mkanda, mkanda ukatoka, fimbo ikavunjika, mashine ikasimama. Mhina akazungusha rola nyuma kwa mikono, polepole, anaongea na Zuena wakati wote, anamwambia atazame mlangoni, asitazame huku.

Wamempeleka hospitali ya Korogwe kwa gari la afisa.

Silinda ilikuwa bado ya moto. Karatasi iliyokuwa njiani imekauka na damu yake. Lesiamon aliikunja akaenda kuizika. Nikamwambia tungeweza kukata sehemu safi tukaitumia. Alinitazama, sikurudia.

Afisa aliondoka bila kusema kama tumefaulu. Naona ni mapema kuuliza.

Jumanne, 8 Julai

Saba Saba imepita. Hapakuwa na ngoma.

Zuena amekatwa vidole vya mkono wa kulia, amebakiwa na gumba. Nimesikia kwa Mwaija, ambaye amesikia sokoni. Haniambii moja kwa moja siku hizi. Huwaambia kuku, nami nasikiliza.

Leo kamati imekaa chini ya bati la banda. Bi Hamisa akauliza nani aliondoa ubao. Nikasema tuliondoa. Akauliza nani alifunga puli. Nikaanza kueleza historia ya puli, ilikotoka. Mhina akasimama. Alikuwa hakuvaa sweta. Akasema:

"Fundi mkuu ni mimi. Puli niliiona asubuhi ile kabla haijawashwa. Niliona haya kuisimamisha kazi mbele ya mgeni. Kama kuna wa kuulizwa, niulizeni mimi."

Nilimngoja aendelee. Nilidhani sasa atanitaja. Hakunitaja. Akakaa chini, akashika kichwa.

Bi Hamisa akanigeukia. Akauliza kama nina la kusema juu ya maneno ya Ndugu Mhina.

Nikasema ninaunga mkono.

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akatoka nje kutema mate. Sijui nilikosea wapi. Katika mkutano ndivyo inavyosemwa.

Mhina ameacha kazi leo hii hii. Ameondoka na begi moja, kwa miguu, kuelekea barabara kuu. Nilimpungia mkono. Kwa hiyo wa kugombea kiti cha Mzee Mikaeli nimebaki peke yangu, ingawa sipendi kusema hivyo wakati huu.

Jumapili, 13 Julai

Nimekwenda Mpale kumwona Zuena. Yuko kwa mama yake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka nje, mkono umefungwa, umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Watoto wake walikuwa wanamenya mahindi mabichi ya kuchoma. Masika huko yamekubali kidogo.

Sikwenda mikono mitupu. Nilichukua bunda la karatasi safi, zile nzuri za asubuhi ya mgeni. Nikaziweka mkekani.

"Ni zile?" akauliza.

Nikasema ni zile.

Alizigusa kwa mkono wa kushoto. Pembeni yake kulikuwa na kipande cha mkaa na ubao wa mtoto, umejaa mistari iliyopinda, herufi kubwa zinazoanguka. Mtihani wa kisomo ni mwezi ujao.

"Ziache," akasema. "Mkono wa kushoto unahitaji karatasi nyingi."

Nikafurahi. Nikamwambia kwamba akipona arudi kiwandani, nitamtafutia kazi ya kukaa, atakuwa mfano kwa wengine. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Ndugu Isihaka, siku nyingine usije."

Amechoka. Dawa za hospitali huchosha.

Mama yake hakunisindikiza. Nilitoka peke yangu mpaka njia kuu, nikaogopa kidogo, sijui kwa nini, mchana kweupe. Nikakaa chini ya daraja dogo la mfereji. Nilitazama mikono yangu. Nikaondoka.

Nyumbani nikakuta Mwaija amekwenda kwao Mkumbara. Amechukua sufuria zote, kinu na mchi. Jirani anasema hakusema atarudi lini. Bila shaka amekwenda kuwasaidia kuvuna.

Alhamisi, 24 Julai

Lori limekuja kuchukua mashine. Limechukua wavu, rola, silinda, vyote. Inakwenda mahali penye fundi na umeme. Watu walisimama kutazama kama wanavyotazama jeneza la mtu wa mbali. Bi Hamisa alihesabu boliti, akatia sahihi. Mzee Mikaeli alikwisha kuteremshwa Dindira, au niseme kupandishwa, maana ni mlimani, wiki iliyopita. Wanasema hasemi.

Lesiamon na watu wake nao wameondoka na ng'ombe waliobaki. Wamerudi nyikani. Nilimwambia hairuhusiwi. Akanipa mkono, akasema mahali penye mashine zinazokula watu ng'ombe hawanenepi. Niliona ni maneno ya mtu asiyeelewa maendeleo, lakini niliona upweke alipokata kona.

Banda sasa ni tupu. Upepo unapita. Nilifagia, sijui nafagia kwa ajili ya nani.

Jioni Bi Hamisa akaniita. Nilidhani ni kiti cha meneja. Akasema meneja wa nini. Kamati imejadili sana juu yangu, wengine walitaka nihamishwe kijiji, yeye akasema kijiji kingine kimekosa nini. Nitakaa kwenye mashine mpya ya kusaga ya kina mama, iliyoletwa wiki hii. Kazi yangu ni kupanga foleni. Foleni tu. Alilirudia neno hilo. Nikamshukuru.

Nimekwenda kuiona. Ndogo, ya kijani, inanukia rangi. Anayelisha mahindi ni Chausiku, mke wa jirani yangu, mwanamke mwangalifu mno. Foleni imefika hadi kisimani. Kina mama wanangoja na mabeseni kichwani, watoto migongoni, na mashine inasaga kama inayotafuna kwa jino moja. Nilisimama pale kwa muda. Inatia huruma. Kuna kitu kidogo tu pale juu kinachoizuia, nimekwisha kukiona.

Chausiku aliniona nikitazama. Akaniomba, kwa adabu kabisa, nisiguse kitu chochote. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi nina uzoefu wa mashine.